Msichana Mwenye Mimba na Sisi Wakristo



Nimeomba nafasi katika gazeti letu muhula huu niseme juu ya jambo linalonong'onezwa mabwenini na kukemewa mimbarini, lakini ni nadra kuzungumzwa kwa sauti ya kadiri. Jambo lenyewe ni utoaji wa mimba, pamoja na hali ya msichana aliyepata mimba naye hana mume. Shule yetu ni ya Serikali, nasi tu watu wa dini mbalimbali. Wenzangu Waislamu wanayo mafundisho yao juu ya jambo hili, nao watanivumilia nikisema kama Mkristo, maana lawama yangu nimewakusudia Wakristo wenzangu.

Nianze na lile nisilo na shaka nalo. Mtoto aliye tumboni ni mtu, na kumtoa ni kumwua. Haya hayakuletwa juzi na wahubiri wa siku hizi. Didake, kijitabu cha mafundisho kilichoandikwa Kanisa lilipokuwa changa bado, chakataza kuiharibu mimba pamoja na kumwua mtoto aliyekwisha zaliwa, yote kwa pumzi moja. Nyakati zile katika nchi za Warumi mtoto asiyetakiwa aliweza kutupwa nje afe au aokotwe na apitaye njia, na watu hawakushangaa sana. Wakristo walishangaa, wakakataa.

Tena yuko Tertulliano, mtu wa Karthago, mji uliokuwa huku huku Afrika, katika nchi iitwayo leo Tunisia. Karibu na mwaka 197 aliandika kitabu cha kuwatetea Wakristo, kwa kuwa wapagani waliwasingizia ati huua watoto wachanga katika ibada zao. Tertulliano akajibu kwamba watu wasioruhusiwa hata kuiharibu mimba ikiwa changa tumboni, haiwezekani wamwue mtoto aliyezaliwa. Wahubiri wetu hupenda kumtaja kwa neno hilo, na ni haki yao. Lakini kitabu chake hakiishii hapo. Mbele kidogo aeleza habari ya sanduku. Kila mwezi Mkristo mwenye uwezo alitia humo fedha kidogo, bila kushurutishwa na mtu. Fedha ile haikuliwa karamuni, bali ililisha maskini na kuwazika, ikawatunza wavulana na wasichana wasio na mali wala wazazi, na wazee, na watu waliovunjikiwa na merikebu. Kwa Wakristo wa Karthago neno na sanduku vilikwenda pamoja. Sisi neno tumelishika sana. Sanduku sijui tumeliweka wapi.

Hebu tuitazame nchi yetu. Sheria yetu ni kali. Kwa Kanuni ya Adhabu, mtu amtoaye mwanamke mimba aweza kufungwa miaka 14, na mwanamke mwenyewe miaka 7, isipokuwa kwa upasuaji wa kuokoa maisha ya mama. Mahubiri nayo hayakosekani. Hata hivyo wachunguzi walikisia kwamba katika mwaka 2013 peke yake mimba zipatazo 405,000 zilitolewa katika Tanzania, na wanawake wapatao 66,600 walitibiwa hospitalini kwa madhara yake. Hao ni waliofika hospitali. Wengine hufa nyumbani, na majirani huambiwa ilikuwa malaria.

Kwa nini basi, kama sheria ipo na mahubiri yapo? Mimi naona jibu haliko mbali. Msichana wa kidato cha tatu akijua kwamba ana mimba, kwanza huona uso wa baba yake. Kisha humwona mama akiambiwa kwamba ndiye aliyemlea vibaya. Humwona mkuu wa shule, na wanakwaya wenzake, na shangazi aliyemlipia ada. Mtoto mwenyewe hajamwona bado. Katika saa hiyo atokea mtu kichochoroni amwambie kwamba kwa shilingi kadhaa mambo yote yatakwisha wala hakuna atakayejua. Yule mtu ni mwuaji, nami sina neno jema la kumsemea. Lakini kazi yake tumemrahisishia sisi, maana yeye peke yake ndiye aliyempokea msichana bila kumtukana.

Shule nazo zilishiriki. Kwa kanuni za mwaka 2002 juu ya kufukuza wanafunzi, kosa dhidi ya maadili lilitosha kumwondoa mtu shuleni, na mimba ilihesabiwa hivyo. Katika shule nyingi wasichana walipangwa mstari wapimwe. Wavulana hakuna aliyewapima kitu. Tarehe 22 Juni 2017 hayati Rais Magufuli alitamka mkoani Pwani kwamba msichana aliyezaa hatarudi shule ya Serikali katika utawala wake, na Wakristo wengi walipiga makofi. Walisema hofu itawazuia wasichana wasizini. Mimi nasema hofu ya namna hiyo huwa haifiki kwa wakati wake. Jioni ile ya kudanganywa haikuwapo. Ilifika baada ya miezi miwili, wakati kilichobaki cha kuogopewa ni mtoto tu. Amri ile yaweza kuwa ilizuia mimba chache. Kwa aliyekwisha kupata mimba, ilimfundisha kwamba masomo yake na mtoto wake haviwezi kuishi pamoja, hivyo achague kimoja.

Namshukuru Mungu kwamba hali hiyo imekwisha. Tarehe 24 Novemba 2021 Waziri wa Elimu wa wakati ule, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba msichana aliyeacha masomo kwa sababu ya kujifungua ataweza kurudi katika shule iliyo rasmi. Jambo hili si la wachache: katika uchunguzi wa afya wa nchi nzima wa mwaka 2022, katika kila wasichana 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19, 22 walikuwa wamekwisha kubeba mimba. Lakini waraka wa Wizara waweza kufungua lango la shule tu. Kinywa cha mwanafunzi wa dawati la nyuma hauwezi kukifunga. Msichana arudipo, siku ya kwanza apewa jina la "mama mtoto", siku ya pili jina limefika jikoni kwa wapishi. Tusijidanganye kwamba huo ni utani.

Sasa nije kanisani, ambako ndiko kwetu. Katika sharika nyingi msichana mwenye mimba hutengwa. Huondolewa kwaya, huketi nyuma, na akikwisha kujifungua husimama mbele ya watu wote atubu ndipo arudishwe kundini. Kutubu ni jambo jema, wala sipendi Kanisa liite dhambi kwa jina la mzaha. Ila nauliza, yule mwingine yuko wapi? Mimba haipatikani kwa mtu mmoja. Aghalabu mwenzake yumo katika kwaya ile ile, yuaimba besi.

Wasomaji wa Biblia wakumbuke habari ya Yuda na Tamari katika Mwanzo, mlango wa 38. Yuda aliletewa habari kwamba Tamari mkwewe ana mimba ya uzinzi. Hakuuliza hata swali moja; aliamuru atolewe nje akateketezwe. Tamari akatuma kwake muhuri na kamba na fimbo, akisema mwenye vitu hivi ndiye mwenye mimba. Vilikuwa vya Yuda mwenyewe. Naye Yuda, kwa kusifiwa kwake, alikiri mbele ya watu kwamba mwanamke ana haki kuliko yeye. Wale pacha hawakuteketezwa, na mmoja wao, Peresi, ametajwa katika ukoo wa Bwana Yesu, ukurasa wa kwanza wa Agano Jipya. Ningependa wazee wa usharika wasome mlango huo kabla ya kila kikao cha kumtenga msichana, kisha wangoje kidogo waone kama kuna mtu ataleta fimbo.

Kwa habari ya wanaume sheria imesema wazi. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, ampaye mimba mwanafunzi hukabiliwa na kifungo cha miaka 30, na Sheria ya Mtoto ya 2009 yamdai baba matunzo, hata mahakama yaweza kuamuru kipimo ili baba ajulikane. Lakini wazazi, mwajua yanayotendeka. Pande mbili huketi chini ya mwembe, mbuzi na fedha hupita, shahidi hupotea siku ya kesi. Kilichouzwa pale ni mtoto wenu.

Wako watakaosema kwamba makosa ya Wakristo katika jambo hili ni madogo tu, ya ulimi. Wafikiri juu ya Ireland. Nchi ile ilikuwa ya Kikristo sana. Sheria yake ilikataza utoaji wa mimba tangu 1861, na mwaka 1983 wananchi wakatia ulinzi wa mtoto aliye tumboni ndani ya Katiba. Wasichana wasio na waume nao walijengewa nyumba za kujifungulia, nyingi zikiendeshwa na watawa. Tume iliyotoa ripoti yake Januari 2021 ilichunguza nyumba 18 za namna hiyo tangu 1922 hadi 1998. Walipita humo kina mama wapatao 56,000, na watoto wapatao 9,000 walikufa. Wasichana walifichwa na kudharauliwa. Katika mji wa Tuam, ambako nyumba ilifungwa mwaka 1961, mifupa ya watoto wachanga ilithibitishwa mwaka 2017 kuwamo katika vyumba vya chini ya ardhi vilivyohusika na maji machafu. Watoto wale hawakutolewa mimba. Walizaliwa, wakasajiliwa, wakafa mikononi mwa watu waliokataza kutoa mimba. Mwaka 2018 wananchi wa Ireland walipiga kura kukiondoa kifungu kile cha Katiba. Sisemi sababu ilikuwa hiyo moja tu. Lakini nani angewasikiliza tena wahubiri wa uhai, wakati mifupa ile ilikuwa imekwisha kuonekana?

Najua swali litakaloulizwa hapa: je, tukimpokea msichana huyu kwa wema, hatutawapa wengine moyo wa kutenda kama yeye? Ni swali la haki, na wazazi hawalaumiki kwa kuliuliza. Lakini sijaona bado msichana aliyetamani kubeba mimba kwa kuwa alimwona mwenzake akiamka usiku mara nne kumnyonyesha mtoto, huku mtihani wa hesabu wamngoja asubuhi. Mzigo wenyewe wafundisha vya kutosha. Tusiuongezee mawe.

Tena kumbukeni Mariamu. Alipochukua mimba alikuwa ameposwa tu, hajachukuliwa na Yusufu, na Yusufu mwenyewe alikuwa akifikiri kumwacha kwa siri. Mimba ile ilikuwa takatifu, wala siilinganishi na nyingine. Lakini majirani hawakujua hayo. Alikwenda kwa jamaa yake Elisabeti, mwanamke mzee, katika nchi ya vilima, akakaa kwake miezi ipatayo mitatu. Injili ya Luka yasema Elisabeti alimbariki. Kila ukoo wa kwetu una Elisabeti wake: bibi kijijini, shangazi, mama mkubwa mwenye chumba kimoja cha akiba. Baba akishindwa kuutazama uso wa binti yake kwa miezi michache, basi na amtafutie mlango wa namna hiyo, kuliko kumwambia asikanyage kwake.

Na kwa msichana aliyebakwa, au aliyepewa mimba na ndugu wa nyumbani, sina maneno mengi. Naamini mtoto wake hana hatia. Lakini mtu yeyote asithubutu kumwambia hivyo kabla ya kumpeleka polisi na hospitali, na kukaa naye.

Liko neno moja kwa yule aliyekwisha kutoa mimba, maana pengine yuasoma ukurasa huu. Ukiona damu nyingi, au homa, au maumivu makali, nenda hospitali leo, usingoje kesho. Matibabu ya namna hiyo hutolewa hata katika hospitali za Serikali. Na kwa roho yako, mlango haukufungwa. Mwaka 2016 hayati Papa Fransisko aliwapa mapadre wote ruhusa ya daima ya kuondolea dhambi hiyo, na katika makanisa mengine mchungaji atakusikiliza faraghani.

Narudi kwenye sanduku la Karthago. Vyama vyetu vya Kikristo hapa shuleni, yaani UKWATA, TYCS na CASFETA, hukusanya sadaka kila juma, na sehemu kubwa huishia katika sare na safari za kwaya. Naomba tuweke sanduku la pamoja, kila mwanachama atie hata shilingi 200 kwa mwezi, wavulana wakitangulia. Litumike kwa sabuni, khanga, nauli ya kliniki na nguo za mtoto wa mwenzetu yeyote aliyeondoka hapa akiwa na mimba, awe wa dini gani. Awapo nyumbani, wawili wa darasa lake wamnakilie masomo na kumpelekea daftari kila mwisho wa mwezi. Akirudi, aketi mbele. Sanduku liwe na kufuli mbili. Ufunguo mmoja akae nao mwalimu mlezi, wa pili mweka hazina wa wanafunzi, na hesabu isomwe kila mwisho wa muhula, kiasi tu, bila majina.