Michongoma: tunda kwenye uzio, mwiba kwenye mguu wa mtoto

Mtoto akirudi nyumbani amekunja uso kwa ukali wa tunda na mikono imejaa mikwaruzo, mzazi wa Kilolo hahitaji kumuuliza alikuwa wapi. Alikuwa kwenye uzio wa michongoma. Wengi wetu tunamkemea, tunamwambia asirudie, na habari inaishia hapo. Wiki hii naomba tuuangalie uzio huo kwa makini zaidi. Upo nyumbani mwaka mzima, unaweza kuongeza kitu kwenye sahani ya mtoto, na unaweza pia kumfikisha zahanati.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Mchongoma ni jina tunalolipa karibu kila mmea wenye miiba unaopandwa kuzunguka nyumba. Ninaouzungumzia leo una majani ya kijani yanayong'aa, miiba mirefu iliyonyooka, maua madogo ya rangi ya maziwa yanayoelekea kijani, na matunda ya mviringo yanayoiva yakawa ya njano, makubwa kama ndimu ndogo. Kwa Kiingereza unaitwa kei apple, jina lililotokana na mto Kei wa Afrika Kusini. Wakenya wanauita kayaba, jina ambalo utalisikia pia kwenye mtaa wa Mukuru Kayaba jijini Nairobi. Wataalamu wa mimea wanauandika Dovyalis caffra.

Asili yake ni kusini mwa Afrika. Umependwa kwenye maeneo ya miinuko ya Afrika Mashariki kwa sababu rahisi: ni uzio usiohitaji waya. Ng'ombe hapiti, mwizi anafikiria mara mbili, na ukishashika mizizi unavumilia kiangazi.

Tunda lipo, sahani ina upungufu

Mkoa wa Iringa unalima mahindi, maharage, viazi, nyanya na mboga za kila aina. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 56.9 ya watoto wa mkoa huu wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa. Kwa Tanzania nzima ilikuwa asilimia 30. Njombe ilifuata kwa asilimia 50.4 na Rukwa asilimia 49.8. Yaani mikoa inayolisha wengine ndiyo iliyoongoza kwa udumavu.

Udumavu hauletwi na sababu moja, na hakuna tunda moja litakaloumaliza. Unahusu lishe ya mama tangu ujauzito, kunyonyesha, idadi ya milo ya mtoto kwa siku, usafi, magonjwa ya mara kwa mara na muda alionao mama wa kumlisha mtoto wakati wa kilimo. Anayekuambia michongoma inatibu udumavu, kisukari au malaria, usimsikilize. Lakini takwimu hizi zinatukumbusha jambo moja: chakula kuwepo jirani na mtoto hakumaanishi kwamba kinafika kwenye sahani yake.

Tunda la mchongoma lina vitamini C kwa wingi, na hapo ndipo faida yake ilipo. Watoto wetu wengi hupata madini ya chuma kutoka kwenye maharage na mboga za majani. Madini haya hufyonzwa na mwili kwa shida kuliko yale ya nyama, maini au samaki. Vitamini C ikiwepo kwenye mlo huohuo, mwili huyafyonza vizuri zaidi. Chai hufanya kinyume chake. Kwa hiyo mtoto anayekula ugali na maharage huku akishushia kwa chai anapoteza sehemu ya kile ulichohangaika kumpikia. Mpe maji, chai isubiri saa moja au mbili baada ya kula.

Hili si jambo dogo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 58 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu. Mtoto mwenye tatizo hilo huchoka haraka, na uwezo wake wa kujifunza hupungua.

Namna ya kumpa

Mtoto chini ya miezi sita ni maziwa ya mama pekee, hakuna tunda wala juisi. Baada ya miezi sita anza na matunda laini yasiyo makali kama papai, parachichi na ndizi mbivu. Mchongoma usubiri hadi avuke mwaka mmoja na awe anakula vizuri, maana ukali wake unaweza kumwasha mdomoni.

Chagua lililoiva kabisa, la njano na laini ukilibonyeza. Lioshe, limenye, lipasue katikati na utoe mbegu zote, kwa sababu mtoto mdogo anaweza kukabwa nazo. Ponda nyama yake pamoja na ndizi mbivu au papai, mpe kijiko kimoja au viwili pamoja na mlo wa maharage. Kwa wakubwa, kamulia maji yake kwenye kachumbari mahali pa ndimu. Familia nzima italila bila kujua kwamba limetoka kwenye uzio.

Jamu nayo inawezekana, na huganda yenyewe kwa sababu tunda hili lina pektini ya asili. Menya, toa mbegu, nyunyizia sukari na uache kwa saa chache, kisha chemsha ukikoroga hadi iwe nzito. Itakuwa tamu kwenye mkate, lakini ihesabu kama jamu tu: moto hupunguza vitamini C, na sukari ni nyingi. Pia usilaze maji makali ya tunda hili kwenye sufuria ya aluminiamu. Tumia chombo cha kioo au plastiki.

Tunda au mawili kwa siku yanamtosha mtoto. Akimaliza asukutue kwa maji, maana ukali unaolika kila saa huharibu meno. Mwenye vidonda mdomoni alikose kwa muda.

Si kila tunda la njano linaliwa

Hapa naomba usome polepole. Kwenye nyumba nyingi, hasa mjini, kuna uzio wa duranta. Una maua ya zambarau au bluu na vitunda vidogo vya njano vinavyoning'inia kwa vichala kama shanga, ukubwa wa njegere. Vina sumu. Mtoto akivila anaweza kutapika, kusinzia isivyo kawaida, hata kupata degedege. Kwa macho ya mtoto wa miaka mitatu, njano ni njano tu.

Kuna pia uzio wa minyaa, ule wenye vijiti vya kijani visivyo na majani ya kuonekana. Ukivunjwa hutoa utomvu mweupe unaounguza ngozi na kuumiza macho vibaya. Ukimwingia mtoto machoni, mmiminie maji safi kwa wingi kwa dakika 15 hadi 20, kisha mpeleke kituo cha afya hata kama analia kidogo tu.

Weka sheria moja nyumbani: tunda la uzio haliliwi mpaka mtu mzima alione. Mtoto akishakula asichokijua, usimlazimishe kutapika na usimpe dawa za kubahatisha. Chukua tawi lenye tunda na majani, nenda nalo kituoni pamoja na mtoto. Tawi hilo litamsaidia mhudumu kujua anashughulika na nini.

Mwiba ukishaingia

Mwiba wa mchongoma huacha tundu dogo ambalo hufunga haraka juu huku uchafu ukibaki ndani. Bakteria wa pepopunda hukaa kwenye udongo na kwenye kinyesi cha mifugo, na hustawi mahali pasipofikiwa na hewa. Tundu la mwiba linawafaa kabisa, hasa kwa mtoto anayecheza peku karibu na zizi.

Osha jeraha kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka. Kama mwiba unaonekana, uvute kwa kibanio safi ukifuata njia ulioingilia. Usichimbe kwa sindano au kisu. Usipake majivu, samadi, tumbaku wala mafuta ya taa. Mambo haya ndiyo yanayoingiza hatari tunayoikimbia.

Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo kama mwiba umeingia ndani sana, umevunjikia ndani, au uko karibu na jicho au kiungo kama goti na kifundo cha mguu. Mwiba uliogusa jicho usiuvute mwenyewe. Kipande kilichobaki kwenye kiungo kinaweza kuleta uvimbe na maumivu wiki kadhaa baadaye, wakati kila mtu ameshasahau. Kwa hiyo mtoto akianza kuchechemea bila sababu, mwambie mhudumu kwamba nyumbani kuna michongoma.

Dalili za pepopunda mara nyingi huanza kati ya siku 3 na 21 baada ya jeraha: taya kukaza, mtoto kushindwa kufungua mdomo au kumeza, misuli kukakamaa. Hiyo ni dharura. Usisubiri asubuhi.

Kinga yake ipo na inatolewa bure. Mtoto hupata chanjo yenye kinga ya pepopunda akiwa na wiki 6, 10 na 14. Shirika la Afya Duniani linashauri dozi tatu za kuongeza nguvu: mwaka wa pili wa maisha, kati ya miaka 4 na 7, na kati ya miaka 9 na 15. Ukienda na jeraha, beba kadi ya kliniki na uulize kama mtoto anahitaji dozi nyingine.

Kama unataka kuupanda

Tunao msemo: kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Waliousema walimaanisha kuukwea, lakini na anayeupanda shambani aukumbuke. Ukishakua, kuung'oa ni kazi kubwa. Basi amua mahali kabla hujachimba shimo.

Toa mbegu kwenye matunda yaliyoiva, zioshe, zikaushe kivulini na uzipande kwenye viriba mapema, maana mbegu mbichi huota kwa urahisi. Miche ikipata nguvu, ihamishe mvua zinapoanza ili ipate miezi ya maji kabla ya kiangazi. Kwa uzio, acha mita moja hadi moja na nusu kati ya mche na mche. Usikate tamaa ukuaji ukiwa wa polepole mwanzoni. Matunda huja baada ya miaka minne au mitano.

Mmea huu una dume na jike. Dume hutoa maua tu, jike ndilo linalobeba matunda likipata chavua. Ndiyo maana jirani anaweza kuchuma ndoo nzima na wewe usipate kitu. Ukipanda miche mingi ya mbegu, kwa kawaida utapata yote mawili. Na uzio unaokatwa kila mwezi hutoa matunda machache, hivyo chagua upande mmoja uuache ukue na mwingine uukate uwe nadhifu.

Upande wa matunda usiwe karibu na njia ya chooni, bomba la maji au mahali watoto wanapochezea. Ukikata matawi, yakusanye siku hiyohiyo. Matawi makavu yaliyoachwa chini ndiyo yanayochoma miguu peku ya watoto.

Jumamosi hii fanya mambo matatu. Tembea kando ya uzio wako na ukate kila tawi lililofika usawa wa macho ya mtoto. Tafuta kadi yake ya kliniki uone kama dozi zote tatu za mwanzo zimejazwa. Na kama michongoma imeiva, vaa viatu na mikono mirefu, chuma mwenyewe matunda machache, uyakamulie kwenye kachumbari ya maharage ya jioni. Kazi ya kuchuma ni ya mtu mzima, ya mtoto ni kula.