Kahawa Yetu Haina Jina

Waitalia wana ada moja ambayo sisi wa Embu na Meru tungefaa kuihusudu. Divai yao nyekundu aghalabu huitwa kwa jina la mahali itokako, na zabibu yake nayo ina jina lake. Barolo ni kijiji cha Piedmont. Kwa mujibu wa sheria, divai ya jina hilo hutengenezwa kwa zabibu aina ya Nebbiolo pekee, na mnywaji huitarajia kuwa na uchachu na ukakasi mwingi, ule unaokausha ulimi. Barbera, jirani yake, ni chachu lakini ukakasi wake ni haba. Chianti ya Toscana hutegemea Sangiovese.

Je, mibuni yetu inaitwaje? SL28 na SL34! Herufi hizo ni za Maabara ya Scott, na tarakimu ni za daftari la mtafiti. SL28 iliteuliwa mwaka 1935 kutokana na mbegu za Tanganyika; waonjaji wa ng'ambo huisifu kwa uchachu wake wa matunda. Ruiru 11 ilitolewa mwaka 1985 ili kukabili ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa, na wako wanaodai kuwa ladha yake ni duni. Mwaka 2010 ndipo watafiti walipokumbuka mlima wetu, wakaita mbegu mpya Batian.

Mkulima wa Runyenjes au Imenti anapofikisha mavuno kiwandani, aina hizi mara nyingi huchanganywa. Kisha hupewa daraja la AA au AB, ambalo hupima ukubwa wa punje kwa chekeche, si ladha wala asili. Naam, jina la kiwanda hufika mnadani Nairobi, lakini mara nyingi mnywaji wa Ulaya husoma "Kenya AA" tu.

Watu watanijibu kuwa jina halilipi karo. Barolo hulipa. Yeyote aweza kupanda Nebbiolo kwingineko, ila hawezi kuiuza kwa jina hilo. Kahawa isiyo na jina hubadilishwa kwa nyingine bila mnunuzi kushtuka.

Msamiati tunao: uchachu, ukakasi, uchungu, ukali. Vyama vya ushirika na vianze kutenga SL na Ruiru 11, na kudai jina la kiwanda lichapishwe hadi kwenye pakiti. Wanachama nao waonjeshwe kahawa yao, maana wengi wetu huilima tukinywa chai.