Gari la Wagonjwa Likiua, Nani Ashitakiwe?

Safari hii twapenda kunena juu ya jambo ambalo watumishi wengi huogopa kulitaja ofisini, maana latugusa pande mbili: sisi ni watumishi wa Serikali, tena ni watu wenye wazee na watoto wapitao barabarani kila siku. Jambo lenyewe ni hili. Gari la halmashauri liendalo mbio kuokoa uhai likimgonga mtu akafa, je, wafiwa wana haki ya kudai, ama wataambiwa kwamba ni kudra ya Mungu, warudi nyumbani wakazike?

Huku Genkuru swali hilo si la mbali. Barabara ya Tarime kwenda Mugumu hutumiwa na ng'ombe, watoto wa shule, pikipiki na malori kwa pamoja. Wala hatujasahau mwezi wa Julai, 2018, mtoto wa kike wa miaka 9 alipogongwa akafa karibu na mgodi wa North Mara, na gari la mgodi ambalo, kwa kadiri ya madai yaliyofikishwa mahakamani, liliendeshwa na askari polisi. Lile halikuwa gari la wagonjwa, wala halikuwa mali ya halmashauri, illakini latufundisha neno. Mwaka 2020 madai ya kifo hicho, pamoja na mengine juu ya mgodi ule, yalifunguliwa London dhidi ya makampuni. Fikirini, mabwana na mabibi: mtoto afe Tarime, na habari yake ikasikilizwe ng'ambo! Hatuwalaumu wafiwa hata kidogo. Lakini twauliza, ni wangapi miongoni mwetu wawezao kumwonyesha mfiwa njia ya kwenda Mahakama Kuu iliyoko Musoma?

Njia hiyo ipo, ingawa ina miiba. Zamani hata Uingereza kwenyewe mtu akiuawa kwa uzembe, haki ya kudai ilikufa pamoja naye, hata ilipotungwa sheria ya mwaka 1846. Kwetu Tanganyika sheria ya mwaka 1955 iliwapa mke, mume, wazazi na watoto wa marehemu haki ya kudai fidia ya riziki waliyoipoteza, na kwa kawaida shauri hufunguliwa na msimamizi wa mirathi. Sheria ya mwaka 1967 ikaifanya Serikali iwajibike kwa makosa ya watumishi wake kazini kama bwana mwingine ye yote. Nazo halmashauri, kwa sheria za mwaka 1982, zina nafsi yake: zaweza kushitaki na kushitakiwa.

Kulikuwa na wakati ambapo ilikuwa sharti kuomba idhini ya Serikali kabla ya kuishitaki, yaani kumwomba mshitakiwa ruhusa! Mahakama ya Rufani ililivunja sharti hilo mwaka 1993, katika shauri la Ole Pumbun. Mwaka 1994 likawekwa mahali pake sharti la ilani ya siku 90. Tangu mwaka 2020 imekuwa lazima, hata kwa mashauri ya halmashauri, Mwanasheria Mkuu aunganishwe. Asipounganishwa shauri zima huharibika. Jirani zetu wa Kenya wamekwenda mbali zaidi: mwaka 2012 Mahakama Kuu yao ilitamka kwamba kumlazimisha raia kutoa kwanza ilani ya siku 30 ni kumzibia mlango wa haki. Sisi hatuna ugomvi na ilani yenyewe, kwani huipa ofisi nafasi ya kuchunguza na kulipa bila kwenda mahakamani. Tuna ugomvi na ofisi ipokeayo ilani ikailaza siku zote 90 bila kuifungua.

Wako wasemao kwamba gari lenye king'ora halina kosa. Hilo si kweli. Mwaka 1938 Baraza la Kaunti ya London lilionekana na hatia kwa gari lake la zimamoto lililopita taa nyekundu. Mwaka 1954 Mahakama ya Rufani ya huko ilikataa madai ya mzima moto aliyeumizwa na jeki ndani ya lori, kwa kuwa walikuwa wakimkimbilia mwanamke aliyenaswa chini ya gari zito. Hata hivyo Hakimu Denning alionya kwamba gari la zimamoto au la wagonjwa lisivuke taa nyekundu kwa mbio, kwa sababu hatari hiyo yapita kiasi. Kipimo ni hicho: haraka hupunguza lawama, haiifuti.

Na dereva je? Huyu ni ndugu yetu. Ameamka usiku wa manane, magurudumu yamekwisha, breki ameziandikia kitabuni mara tatu na hakuna aliyesoma. Ajali ikitokea, yeye huwa wa kwanza kuwekwa mahabusu, na mara nyingi wa mwisho kutetewa. Akifa kazini, mjane wake ana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, wala hahitaji kuthibitisha uzembe wa mtu. Bali mjane wa mpita njia sharti athibitishe yote. Basi kile kitabu cha gari, ambacho wengine hukiona karatasi ya bure, ndicho ushahidi wa dereva na wa mfiwa pia. Kisipotee.

Liko na swali jipya zaidi. Katika mpango wa m-mama, mtu apigapo namba 115, mama mjamzito au mtoto mchanga huweza kuchukuliwa na dereva wa kijijini pale ambapo gari la wagonjwa halipo. Ni mpango mwema, nasi twausifu. Lakini gari hilo likipinduka, bwana wa dereva yule ni nani? Twaziomba halmashauri zilijibu kwa maandishi kabla ya msiba, si baada yake.

Kwa wenzetu makarani tuna ombi moja. Watu wengi hudhani siku 90 ni muda wa kudai. Sivyo, ni muda wa kungoja baada ya ilani kupokelewa. Muda wa kudai hasara ya uzembe kwa kawaida ni miaka 3, tena yako madai ambayo muda wake ni mfupi zaidi, kwa hiyo mfiwa asikawie. Ajapo mezani na barua yake, hata ikiwa ya mkono na yenye makosa, msimwambie arudi kesho. Ipokeeni, igongeni mhuri wa tarehe ya siku ile, mpeni nakala yake, tena mwambieni kwamba nakala nyingine sharti imfikie Mwanasheria Mkuu.