"Tafadhali Subiri" Si Jibu

Walimu wenzangu, katika kurasa hizi tumezoea kujadili ngeli, vina na mizani, na hapana shaka wako watakaoshangaa kumwona mwalimu wa sarufi akiandika habari za simu na biashara ya programu za kompyuta. Naomba wasinihukumu mapema. Jambo lililonisukuma kushika kalamu ni jambo la lugha, na tena ni jambo la fedha za walimu.

Mwaka 2023, walimu 16 wa Kiswahili wa wilaya yetu, hapa magharibi mwa Uganda, tulichanga shilingi 40,000 kila mmoja, jumla shilingi 640,000, ili tununue programu ya kuandikia na kupangia vitabu. Miswada ya vijitabu vya mazoezi tulikuwa nayo, imeandikwa kwa mkono, imechakaa kwa kuazimana. Tangazo la muuzaji, kampuni moja ya Kampala ambayo sitaitaja kwa jina, lilisema kwamba programu hiyo ina uwezo wa kusahihisha tahajia ya Kiswahili, na kwamba maagizo hupokewa kwa simu. Mimi ndiye niliyekuwa mweka hazina. Nikapiga simu.

Simu ya kwanza ilijibiwa upesi mno. Kijana mwenye sauti ya asali alinihakikishia kwa Kiingereza, nami nilimwuliza mara mbili, kwamba Kiswahili kimo. Nikatuma fedha kwa simu saa ile ile. Akaahidi kwamba ufunguo wa programu, yaani ile namba ndefu ambayo bila hiyo programu haifanyi kazi, ungenifikia kwa ujumbe kabla jua halijatua. Jua likatua. Likatua mara 22, na ufunguo haukuja.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba namba ya kununulia na namba ya kulalamikia si moja. Ile ya pili ilipokewa na sauti iliyorekodiwa. Ikaniamuru nibonyeze 1 kwa Kiingereza, 2 kwa Luganda, 3 kwa Runyankole. Kiswahili hakikuwamo. Nikabonyeza 1, nikapewa orodha nyingine. Orodha ya pili ikazaa ya tatu. Baada ya hiyo nikapigiwa muziki. Kila baada ya nusu dakika sauti iliniarifu kwamba simu yangu ni muhimu sana kwao, kisha ikasema, tafadhali subiri. Siku hiyo nilisubiri dakika 47, kwa salio langu mwenyewe, na mwishowe simu ikakatika. Kesho yake nilimpata mtu. Akaniuliza jina, namba ya simu na tarehe ya malipo, nikamjibu. Akasema suala hilo ni la idara nyingine, akanihamisha. Na idara nyingine ikaniuliza jina, namba ya simu na tarehe ya malipo. Niliandika kila kitu katika daftari la hesabu: simu 11, dakika 206. Ufunguo ulifika siku ya 23.

Tukaifungua programu kwa shangwe. Kiswahili hakikuwamo. Kila neno tuliloandika lilipigiwa mstari mwekundu, kana kwamba mtoto asiyejua kusoma amepewa kalamu ya kumsahihisha mwalimu wake. Nilipodai fedha zirudishwe, niliambiwa kwamba programu iliyokwisha kufunguliwa hairudishwi. Nikauliza, mtu atajuaje kuwa haina Kiswahili kabla hajaifungua? Nikaambiwa nisubiri. Katika mkutano wetu wa mwezi Mei mwenzetu mmoja aliuliza, kwa upole lakini mbele ya wote, kama kweli fedha zile zilitumwa. Simlaumu. Mimi pia ningeuliza. Lakini tangu siku ile daftari lile nalitembeza mkobani kama mshitakiwa atembezaye vithibitisho vyake.

Tuitazame kwanza bidhaa yenyewe. Zamani programu haikuwa bidhaa. Ilikuja pamoja na mtambo, kama mpini unavyokuja na jembe. Mwezi Juni 1969 kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza kwamba itatenganisha bei ya programu na bei ya mitambo, na tangu hapo biashara ya programu ikapata nguvu ya kusimama kwa miguu yake. Lakini ni biashara ya ajabu. Mchele utaushika kiganjani uone kama una mawe, na muuza maembe sokoni atakukatia kipande uonje. Programu huishiki wala huionji. Aghalabu hata huimiliki: unachonunua ni ruhusa ya kuitumia, kwa masharti yaliyoandikwa na muuzaji peke yake, na unahesabiwa kuwa umeyakubali mara uifunguapo. Anayeagiza kwa simu hana hata kasha la kulisoma. Mkononi hana kitu ila neno la muuzaji. Basi neno hilo ndilo bidhaa, na likiwa la uongo, bidhaa ni mbovu. Hii ndiyo sababu nasema kwamba shauri hili linatuhusu sisi tunaokula mkate wetu kwa kazi ya maneno.

Watetezi wa makampuni hutujibu kwamba wateja ni wengi na watumishi ni wachache, kwa hiyo foleni haiepukiki. Jibu hili lingefaa kama kusubiri kungekuwa mvua, inyeshayo bila kumwuliza mtu. Kusubiri simuni ni hesabu, na hesabu hiyo ilikwisha kufanywa kabla babu zetu wengi hawajaiona simu. Mdenishi mmoja, Agner Krarup Erlang, aliyekuwa mtumishi wa kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha maandishi yake ya kwanza juu ya jambo hili mwaka 1909, na mwaka 1917 akatoa kanuni za kukadiria muda ambao mpigaji atasubiri. Kanuni hizo zinatumika hata leo. Tuchukue mfano. Ikiwa simu 20 huingia kwa saa moja, na kila moja huchukua kama dakika 6, kuna kazi ya saa 2 inayoingia katika kila saa. Ukiweka watumishi 2, foleni itazidi kurefuka bila kikomo, maana simu haziji kwa mpangilio kama wanafunzi gwarideni. Mwongeze wa tatu, na wastani wa kusubiri unashuka chini ya dakika 3. Mwongeze wa nne, nao ni kama nusu dakika. Kwa hiyo, anaposubirishwa mtu dakika 47, yuko aliyekaa mezani akaamua, au akakataa kujua, kwamba mshahara wa mtumishi mmoja una thamani kuliko asubuhi za watu wote wale. Na tazama ujanja wake: namba ya kununulia haikuwa na foleni hata kidogo. Huko watumishi walitosha.

Rais Kennedy wa Marekani, katika ujumbe wake kwa bunge la nchi yake tarehe 15 Machi 1962, alizitaja haki nne za mnunuzi: usalama, kupewa habari, kuchagua, na kusikilizwa. Umoja wa Mataifa nao ulitoa miongozo yake ya kumlinda mnunuzi mwaka 1985, na jirani zetu wa Kenya wakaiandika haki ya mnunuzi kupewa habari zinazomfaa katika Katiba yao ya mwaka 2010. Sijaona popote palipoandikwa kwamba haki ya kusikilizwa hutimizwa kwa kupigiwa muziki.

Katika mila za Waswahili mgeni hupiga hodi mara 3. Asipoitikiwa, hurudi kwake bila kinyongo, kwani kimya nacho ni jibu. Makampuni yamebuni jambo ambalo wazee wetu hawakulijua: mlango wenyewe unaitika "karibu", na mwenye nyumba hatoki. Mgeni haondoki, kwa sababu amekaribishwa. Haingii, kwa sababu hakuna aliyemfungulia. Methali yetu ya subira na heri imegeuzwa kamba ya kumfungia mtu barazani.

Sitaki nieleweke kwamba nawalaumu vijana wanaopokea simu. Mmoja wao, nilipompata mara ya tatu, alitambua lafudhi yangu, akaniuliza kwa Kiswahili safi kama mimi ni mwalimu. Tuliongea kwa nafasi ya sentensi nne hivi. Akaninong'oneza kwamba haruhusiwi kuongea lugha ambayo haimo katika orodha, na kwamba kila simu yake inapimwa kwa saa. Akizidisha dakika, hukatwa alama. Kisha akarudi katika Kiingereza na katika karatasi anayosomeshwa. Yamkini alifundishwa na mmoja wetu. Kijana huyu amewekwa mlangoni apokee hasira ambazo si zake, wala hakupewa mamlaka ya kurudisha hata shilingi 1. Wanaostahili hasira zetu wako orofa ya juu, na wao hawana namba.

Sasa nije kwenye kidonda. Bibi mmoja aliyekuwa msimamizi wa idara, niliyempata katika simu ya 10, aliniambia kwamba Kiswahili hakina wateja Uganda, na zaidi ya hayo hakina maneno ya kompyuta. Hilo la kwanza amwambie mfanyabiashara wa Busia, wa Malaba au wa Mutukula, ambaye hawezi kuuza gunia la maharage mpakani bila lugha hii. Katiba yetu iliifanya kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaazimia ifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Hilo la pili ni kasumba tupu. Mwaka 2004 ilikwisha kutolewa programu ya ofisini iitwayo Jambo OpenOffice, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kwa kazi ya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao. Miaka karibu 20 baadaye naambiwa maneno hayapo! Kama Kiswahili hakina wateja, kwa nini lilitumiwa jina lake kuninasa mimi? Lugha iliyotosha kuwekwa katika tangazo ilitosha pia kuwekwa katika orodha ya namba za kubonyeza.

Na sisi walimu tusijitoe. Nimefundisha barua rasmi kwa miaka mingi: anwani kuliani, tarehe, kichwa cha habari, "wako mtiifu". Sijawahi hata siku moja kumfundisha mwanafunzi namna ya kudai haki yake kwa mdomo, bila kutukana na bila kunyenyekea; namna ya kumwuliza anayemjibu jina lake, ya kumtaka arudie ahadi yake polepole, ya kuandika saa na tarehe. Nilipopiga ile simu ya kwanza, mwenye shahada na chaki mkononi, nilisema "asante sana" kwa mtu aliyekuwa akinidanganya, wala sikumwuliza jina. Wako watakaosema kwamba siku hizi mambo yote hununuliwa kwa mtandao, simu imepitwa. Na ufunguo usipokuja, huko mtandaoni utamwuliza nani? Utapewa namba ya simu.

Tumefanya tulichoweza. Tumeandika barua 3 kwa Kiswahili, na ya mwisho niliipeleka Kampala kwa mkono wangu, kwa basi la usiku, nikaomba mhuri wa kupokelewa. Mpokezi aliisoma anwani, akaita mwenzake amsaidie, nao wakacheka kidogo, bila ubaya. Tulidai shilingi 640,000, au programu tuliyoahidiwa. Na tukaomba Kiswahili kiwekwe katika namba 4, kwani nafasi ipo. Nakala yenye mhuri ninayo mkobani, pamoja na daftari. Jibu halijaja.