Wageni wa Utalii na Mfuko Wetu

Wakubwa wakitaka mkutano wa utalii kando ya ziwa Nzilo, waalike wageni, hatukatai. Lakini nani atajenga mahema, nani atapika, kwa bei gani? Sheria No. 10/010 ya 27 Aprili 2010 yataka kazi za Serikali zishindaniwe wazi. Kupatana na mtu mmoja ni kwa nadra tu. Wao husema: haraka! Haraka gani, na tarehe ya mkutano yajulikana miezi mbele? Michezo ya Francophonie, Kinshasa 2023, ilitajiwa dola milioni 48, ikafika milioni 324.

Kwa Sheria ya Madini ya 2018, sehemu 25 kwa 100 za redevansi huingia mfuko wa jimbo. Ndiyo shaba ya mikono yetu. Sisi makarani hatutoi gunia la saruji stoo bila karatasi. Basi, karatasi za mkutano zibandikwe ukutani kwa Meya, kabla ya ngoma kupigwa.