Tuacheni tupige randa kwa raha zetu

Panda juu ya ploti yoyote ya Umoja, Kayole au Rongai wikendi. Kati ya nguo zilizoanikwa utakuta msee ameinamia mbao. Si fundi huyo. Jumatatu hadi Ijumaa anaendesha boda, anauza simu au anapokea malalamishi ya wateja wa kampuni fulani. Jumamosi ndiyo siku yake ya msumeno.

Miongoni mwa wasee ninaowajua, kazi zinazoendelea ni hizi. Mmoja anaunda meza ya kukunjwa ukutani, kwa sababu bedsita yake haiwezi kubeba meza na kitanda kwa wakati mmoja. Mwingine anatia droo chini ya kitanda ili viatu vitoke mlangoni. Dada mmoja wa Kahawa anajijengea benchi ya kazi maana amechoka kukatia mbao kwenye stuli ya jikoni. Mimi niko na rafu ya vitabu ya mbao za paleti, imebaki msasa na vanishi. Tunatumiana picha kazi ikiwa nusu, gundi haijakauka na skrubu hazijaingia zote.

Halafu swali linakuja. Halikosi kamwe: "Maze, hiyo unauza ngapi?"

Naelewa linakotoka. Tumekulia kwenye uchumi ambapo kila kipaji lazima kizae dooh. Ukijua kupika, fungua kibanda. Ukijua kusuka, tafuta wateja. Lakini msimamo wangu ni huu: useremala wa kujifurahisha uachwe uwe wa kujifurahisha. Kuusukuma sokoni kabla haujaiva kunaumiza watu wawili, wewe na fundi wa jua kali.

Tupige hesabu. Tuseme rafu yako imekula mbao, skrubu, msasa na vanishi za Sh1,800. Umeifanyia kazi saa 14, Jumamosi mbili. Jirani anakupa Sh2,500 na unajiona tajiri. Toa gharama, umebaki na Sh700. Gawa kwa saa 14: umelipwa Sh50 kwa saa, na bado hujahesabu nauli ya kubeba mbao kutoka Gikomba.

Sasa mfikirie fundi wa Ngong Road. Yeye analipa kibanda, stima na kijana wa kumsaidia, na watoto wake wanakula kutokana na hiyo randa. Kesho jirani yako atamwendea na kumwambia, "Kuna kijana wa ploti yetu alinifanyia kwa elfu mbili na nusu." Bei yako ya mchezo inageuka fimbo ya kumchapia mtu aliye kazini.

Pia kuna suala la kujifunza. Mteja akishatoa pesa, unafanya kile unachokijua tayari, tena haraka. Usipokuwa na mteja unaweza kuchonga ulimi na tundu lake mara nne kwenye mabaki, hadi kona ikae bila msumari hata mmoja. Hakuna anayekupigia simu kuuliza umefika wapi.

Najua kuna atakayesema raha ni ya walioshiba, na kodi haisubiri. Ni kweli. Kama unataka kula kutokana na mbao, fanya hivyo kwa heshima ya kazi yenyewe. Kaa chini ya fundi ujifunze. Fanya mtihani wa ufundi wa NITA, unaoanzia Gredi ya Tatu hadi ya Kwanza. Kisha toza bei inayohesabu saa zako. Hapo umeingia biashara, na soko ni lako kama la mwingine yeyote. Ninachopinga ni ile nusu-nusu ya kuuza kwa bei ya kutupa kwa sababu tu watu wamekuuliza.

Badala ya bei, kuna mambo tunayopaswa kuambiana zaidi tunapoonyeshana kazi zetu.

La kwanza ni paleti. Zile zinazosafirisha mizigo kati ya nchi na nchi hupigwa mhuri. HT maana yake zilipashwa joto hadi nyuzi 56 kwa angalau dakika 30 ili kuua wadudu. MB maana yake zilifukizwa kwa methili bromaidi, ambayo ni gesi ya sumu. Ya MB iache hukohuko, na iliyolowa mafuta au kemikali usiilete unapolala.

La pili ni maji. Mbao nyingi za yadi, iwe saiprasi au mukima, huuzwa zikiwa bado mbichi. Zikikauka husinyaa kwa upana na kujipinda, na droo iliyoingia vizuri leo itakuwa inacheza baadaye. Zipange kwa vijiti katikati hewa ipite, uzipe wiki kadhaa.

La tatu ni vumbi. IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, limeliweka vumbi la mbao kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kwenye bedsita, unapopiga msasa ndipo unapopika na kulala. Toka nje, vaa barakoa. Na saa tatu usiku si saa ya keekee. Jirani ana mtoto.

La mwisho ni kuhama. Sisi ni wapangaji. Muulize mwenye nyumba kabla hujatoboa ukuta wake, na unda vitu vinavyofunguka kwa skrubu na kupita mlangoni. Kitanda kizuri kisichotoka kwenye keja kitamfaidi mpangaji atakayekuja baada yako.

Kwa hivyo mwenzako akikutumia picha ya meza isiyokamilika, usikimbilie bei. Muulize hiyo kona ameiunganishaje, na mbao aliikausha muda gani. Jibu lake unaweza kwenda nalo kwenye paa lako Jumamosi ijayo.