Ujuzi Nao ni Shamba



Mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo ilikwisha, na leo sayansi ya kompyuta ni somo la kidato cha tano na cha sita. Lakini kijana wa Handeni au Korogwe atalielewaje ubaoni tu, pasipo kuigusa mashine?

Katika waraka wake Centesimus Annus wa mwaka 1991, Papa Yohane Paulo wa Pili alifundisha kwamba ujuzi ni mali isiyopungua thamani kuliko ardhi. Sisi tunaotetea mipaka ya mashamba yetu, tusinyamaze watoto wanaponyimwa urithi huu. Wazazi na viongozi wa jumuiya, ziulizeni bodi za shule: umeme upo? Mashine zipo? Mwalimu yupo? Kumtahini mtoto katika asichofundishwa ni dhuluma.